Mwalimu amesema Fizikia siiwezi. Nimsikilize?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 16, nasoma kidato cha tatu katika shule ya kata mkoani Tabora. Mtihani wa kidato cha pili nilipata Kiswahili A, Baiolojia C, Kemia C, Kiingereza C, Fizikia D na Hisabati D. Tulipofungua shule, mwalimu wa Fizikia alipita na orodha ya wanaotaka mchepuo wa sayansi. Alipofika kwangu alisema mbele ya darasa zima: "Na wewe pia? Wewe Fizikia utaiwezea wapi, nenda sanaa na wenzako." Darasa likacheka. Tangu siku hiyo sinyooshi mkono. Jina langu bado lipo, ila mwalimu wa taaluma amesema orodha itafungwa baada ya majaribio ya katikati ya muhula, na zimebaki wiki tano. Baba anasema mwalimu ndiye anayejua. Nataka kuwa muuguzi. Je, niendelee au nimsikilize mwalimu? Na nitakaaje kwenye darasa ambalo wameshaniona kilaza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi.

Tuanze na vyeti, machozi tutayafikia. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani, D ni alama 30 hadi 44, na D ni ufaulu. Stashahada ya uuguzi hudai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia kwenye cheti cha kidato cha nne. Vigezo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo mwaka utakaoomba soma mwongozo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya afya, wa mwaka huo, usitegemee maneno yangu wala ya mtu mwingine. Lakini kwa hali ilivyo, ukiiacha Fizikia leo umeufunga mlango huo kwa mkono wako, na ile A ya Kiswahili haitaufungua. Ukibaki nayo ukapata D hiyo hiyo uliyonayo, mlango uko wazi.

Kwa hiyo mwalimu wako alijibu swali ambalo hukumuuliza. Yeye alikuwa anapima kama utakuwa kipanga wa Fizikia. Wewe unachotaka kujua ni kama unaweza kuilinda D yako na kuisogeza hadi 45, yaani C, ifikapo Novemba ya mwakani. Mtoto mwenye C ya Kemia na C ya Baiolojia, sioni kwa nini ashindwe. Baki kwenye orodha.

Hilo lilikuwa rahisi. La kukaa na darasa lililokwisha kukupa jina ndilo gumu, na hapo inabidi nijieleze kwanza mimi ni nani katika habari hii.

Nimefundisha Hisabati na Fizikia miaka 27, sita ya mwisho nikiwa mwalimu wa taaluma. Ile orodha inayokunyima usingizi, nimeishika mimi. Kulikuwa na kijana mmoja, wa kidato cha tatu kama wewe, niliyemwambia mbele ya wenzake aache kunimalizia chaki. Darasa lilikuwa na wanafunzi 74. Yeye alikaa nyuma, hakuuliza, na daftari lake lilijaa namba zilizonakiliwa vibaya: 3 imekuwa 8, alama ya kutoa imekuwa ya kujumlisha. Nikaamua ni mzito. Mwaka uliofuata walikuja watu wa macho kupima wanafunzi bure, na huyo kijana akaonekana haoni ubao kutoka dawati la tatu, seuze la tisa. Alikuwa ameshahamia mchepuo wa biashara kwa ushauri wangu. Sikumwomba radhi. Nilimnunulia soda, jambo ambalo silo.

Sikusimulii haya ili umhurumie mwalimu wako. Nakuonyesha neno la mwalimu linatengenezwaje. Sikuwa na chuki na yule kijana. Nilikuwa na wanafunzi 74, dakika 40 na daftari moja chafu, nikaliegemeza neno langu hapo. Neno la mwalimu wako nalo limeegemea mahali. Ukishindana na neno lenyewe utachoka, maana neno halina mwili. Tafuta lilipoegemea, upambane na hapo.

Kwa ulivyoandika, naona mahali patatu: D yako, ukimya wako, na lile neno "wenzako", ambalo ninaogopa maana yake ni wasichana.

Ukimya ndio wa kuanza nao kwa sababu una historia ndefu kuliko wewe. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alirekodi vipindi vya sayansi akapima mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja tu. Tena wale ambao mwalimu aliwaona dhaifu waliwekewa subira fupi zaidi kuliko wale aliowaona hodari. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu hivi, majibu yakawa marefu zaidi, na watoto walioonekana wazito wakaanza kuchangia. Sasa fikiria hali yako. Swali linakuja kwa Kiingereza. Unalihamishia kwenye Kiswahili, unatafuta jibu kwa Kiswahili, unalirudisha kwenye Kiingereza, unapima kama sarufi itawachekesha wenzako, ndipo unyooshe mkono. Sekunde moja ilikwisha ukiwa bado unatafsiri. Mwalimu anachoona ni uso uliokaa kimya. Mwezi wa pili anaacha kukuuliza, mwezi wa sita anaamini kwamba huna cha kusema, na wewe mwenyewe unaanza kukubaliana naye.

Ninapotaja utafiti, tusidanganyane. Upo mwingine maarufu kuliko huo, wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, uliotoka mwaka 1968. Katika shule moja ya msingi huko California, walimu waliambiwa kwamba vipimo vimeonyesha baadhi ya watoto, kama mmoja kati ya watano, watachanua mwaka ule. Kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka watoto hao, hasa wa madarasa ya chini kabisa, walipanda kuliko wenzao. Wahamasishaji hupenda kuishia hapo. Ila utafiti ule umebishaniwa tangu siku ulipotoka, na waliokuja kuzipima tafiti nyingi zilizofuata wanasema nguvu ya matarajio ya mwalimu kwa kawaida ni ndogo, na kwamba mara nyingi mwalimu hutarajia sawasawa kwa sababu kazi za mtoto ameziona. Nakupa pande zote mbili kwa makusudi. Upande wa kwanza ukuondolee wazo kwamba D yako imetoka kwenye ubongo wako peke yake. Upande wa pili ukuondolee raha ya kusema mwalimu ananionea, basi. Inawezekana amekudharau na wakati huo huo kuna kitu katika Fizikia yako ambacho ni kibovu kweli. Vyote viwili vinaweza kukaa nyumba moja.

Sasa tuje kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika miaka yangu yote hapa ndipo nilipowaona wengi wakidharauliwa bila kosa.

Ulisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Ukaingia kidato cha kwanza, vitabu vikageuka Kiingereza. Fizikia inakuja na maneno ambayo Kiswahili chetu cha kila siku hakiyatenganishi. Chukua swali hili: jiwe lina "mass" ya kilo 5, tafuta "weight" yake. Kwa Kiswahili cha gengeni hilo ni kichekesho. Uzito wa jiwe ni kilo 5, haya, tafuta uzito wa jiwe! Mtoto mwenye akili timamu ataandika 5 na kushangaa kwa nini ameulizwa. Jibu linalotakiwa ni nyutoni 50, ukichukua mvuto kuwa 10, kwa sababu kwa mwanafizikia kiasi cha kitu kilichomo kwenye jiwe ni jambo moja, na jinsi dunia inavyolivuta ni jambo jingine. Vivyo hivyo "force", "power" na "energy": nyumbani yote ni nguvu. Punda ana nguvu, umeme una nguvu, uji una nguvu. "Heat" na "temperature": yote ni joto. "Speed" na "velocity": yote ni kasi. Maneno sanifu ya Kiswahili yapo, tungamo, kani, nishati, jotoridi, lakini ni nani aliyewahi kuyasikia sokoni Nzega?

Anayechanganya maneno haya anafikiri kwa lugha yake vizuri kabisa, ila hajaonyeshwa mpaka ulipo. Mpaka huo unaweza kuuchora mwenyewe, na wewe una A ya Kiswahili, maana yake una sikio la maneno kuliko wengi wa hao waliocheka. Chukua kurasa mbili za mwisho za kaunta buku lako. Kila neno la Fizikia linalokusumbua liandike kwa Kiingereza kama lilivyo kwenye mtihani, pembeni lieleze kwa Kiswahili chako mwenyewe, kisha weka kipimo chake: kilo, nyutoni, juli, wati. Kipimo ndicho kinachokuamulia ubishi. Ukiona nyutoni, ujue wanazungumzia kuvuta au kusukuma, hata kama swali zima hujalielewa. Andika pia maneno ya kuamuru yanayoanza maswali, "state", "define", "explain", "distinguish". Anayeambiwa "state" akaandika aya nzima amepoteza muda, na anayeambiwa "explain" akaandika neno moja amepoteza alama.

Kuhusu kicheko cha darasa nina mtu wa kukutajia, naye ni wa nchi hii.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, kama wewe, Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi kwenye jokofu ilikuwa ya kugombania, Mpemba akaweka yake ingali ya moto. Baadaye akakuta yake imeganda, na ya mwenzake, ambaye hata hakuyachemsha maziwa, bado ni uji. Akamuuliza mwalimu wa Fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akaliuliza tena, na mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likalidaka neno hilo. Tangu hapo akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Jina lake likawa mzaha.

Angalia alichofanya, maana hapa ndipo wasimuliaji hupita mbio. Hakugombana na mwalimu. Hakutoa hotuba. Siku moja aliikuta maabara ya Baiolojia haina mtu, akachukua bika mbili ndogo, yaani vikombe vya maabara, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye jokofu akaangalia. Yaani alirudi kwenye kile kitu chenyewe. Kisha akasubiri jaji mwingine. Alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama na swali lake lile lile. Wenzake wakacheka tena, na baadaye wakamlaumu kwamba amewaaibisha. Osborne mwenyewe alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea, ila akaona ni vizuri kujaribu. Akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, lakini watarudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi! Hata fundi naye alikuwa na jibu lake kabla ya jokofu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia, na lile jina la mzaha leo linatajwa na wanafizikia wa dunia nzima: maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi wanakuita "Mpemba effect".

Na mwisho wake si wa hadithi za kuwalaza watoto. Mpemba hakuwa profesa wa fizikia, alisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka karibu na Moshi. Na wanasayansi mpaka sasa wanabishana kama hilo jambo hutokea kila mara, na kwa nini, na wapo walioshindwa kabisa kuliona kwenye majaribio yao. Hilo halinipunguzii heshima kwake hata kidogo. Alidai aangaliwe, akaangaliwa.

Bika zako wewe ni karatasi za mitihani. Jumamosi hii tafuta mtihani wa Fizikia wa kidato cha pili wa mwaka wowote ambao hukuufanya. Kaa peke yako, bila daftari, kwa muda ulioandikwa juu ya karatasi. Siku ya pili usahihishe na mtu anayeweza. Halafu pembeni ya kila alama uliyopoteza andika herufi moja: L kama lugha ndiyo iliyokuangusha, H kama ulijua jambo lakini hesabu ikakushinda, S kama somo lenyewe hulijui. Hesabu herufi zako.

Nabashiri, na ubashiri wangu nao upime, kwamba S zitakuwa chache kuliko unavyoogopa, na H zitakuwa nyingi. D mbili zako, ya Fizikia na ya Hisabati, ni ndugu wa tumbo moja. Karatasi nyingi za D nilizosahihisha zilianguka palepale: mtoto anaijua kanuni, lakini herufi anayoitafuta iko chini ya mstari na hawezi kuitoa ikabaki peke yake upande mmoja. Au anachanganya sentimita na mita. Mambo haya yanajulikana darasani kama kutojua Fizikia, wakati ni mazoezi ya wiki tatu, maswali kumi kila jioni, kutoka kitabu cha Hisabati cha kidato cha pili. Hayana ladha yoyote. Yafanye.

Na ukisoma, usisome kwa kurudia rudia daftari kama mtu anayesali. Soma mara moja, funga, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, fungua, rekebisha. Watafiti Roediger na Karpicke walilijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo, wakachapisha mwaka 2006: baada ya dakika tano waliorudia kusoma walionekana bora, lakini baada ya wiki moja waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Jaribio lako liko wiki tano mbele, si dakika tano.

Sasa mwalimu. Najua hutaki kumsogelea, lakini utamsogelea. Usiende kumwambia alikudhalilisha, hata kama ndivyo ilivyokuwa. Mtu akishitakiwa hujitetea, na kujitetea kwake kutamfanya alikumbatie neno lake zaidi. Nenda na karatasi yako iliyosahihishwa, ofisini, wakati walimu wengine wapo, ukiwa na mwenzako mmoja. Sema: "Shikamoo mwalimu. Nimefanya mtihani huu wa kidato cha pili nyumbani. Swali la nne nimefika hatua ya pili nikakwama. Naomba unionyeshe nilipokosea." Basi. Usiombe aseme unaweza. Dakika tatu zinatosha. Wiki inayofuata rudi na swali jingine, na hakikisha lile la wiki iliyopita umeshalifanya vizuri, limo kwenye daftari, analiona bila kuambiwa. Mimi nimekaa upande ule wa meza. Mwanafunzi anayerudi mara ya pili na kosa tofauti ni mtu mwingine kabisa machoni pa mwalimu, hata kama alama zake hazijapanda.

Neno moja la tahadhari, na hili nawaambia wasichana wote. Usimfuate mwalimu wa kiume nyumbani kwake, wala usikubali masomo ya ziada peke yako maabara ikiwa imefungwa. Anayetaka kukusaidia atakusaidia mchana, mlango ukiwa wazi. Na kama matusi yanaendelea, au yanageuka vitisho au kupigwa, hilo limeshatoka kwenye Fizikia: mwone mwalimu wa malezi au matroni, mkuu wa shule, na mzazi wako, na simu ya watoto 116 hupigwa bure.

Kuhusu "wenzako". Hapo sina dawa ya wiki tano. Kuna walimu wanaoamini Fizikia ni ya wavulana na hawatabadilishwa na karatasi yako. Lakini huyo si jaji wa mwisho. Msahihishaji wa Baraza anashika karatasi yenye namba ya mtihani. Hajui jina lako, hajui kama ulinyoosha mkono mwezi wa pili, hajui nani alicheka. Kwa mtoto aliyekwisha kupewa jina darasani, hiyo ndiyo nafuu kubwa ya mitihani yetu, mitihani ambayo nina malalamiko nayo mengine mengi.

Wanafunzi wenzako ni rahisi kuliko unavyodhani. Darasa halikumbuki kicheko chake kwa muda mrefu, wewe ndiye unayekitunza. Kesho nyoosha mkono kwa kuuliza, si kwa kujibu. Swali liandike usiku, kwa Kiingereza kifupi, ulisome kama lilivyo kwenye daftari. Anayeuliza hawezi kukosea jibu. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, inatosha. Halafu tafuta wawili wa kusoma nao, mmoja awe anayekuzidi Fizikia lakini anateseka na Kiswahili. Mpe uchambuzi wa ushairi, akupe mkondo wa umeme. Hiyo ni biashara halali, na mtu uliyemfundisha tenzi hatakuita kilaza Jumatatu.

Ila usisome kwa ajili ya kuwaonyesha. Najua ni mafuta yanayowaka haraka. Nimewaona waliosoma hivyo: wakipata B wanamtafuta mwalimu kwa macho badala ya kuangalia alama tatu walizopoteza, na wakipata D nyingine wanazimika kabisa, kwa sababu sasa wameshindwa mara mbili.

Baba yako hajakosea kumheshimu mwalimu. Yeye amesikia upande mmoja tu, na mwalimu ndiye aliyesoma. Usimwambie "mwalimu ananichukia". Mwonyeshe vigezo vya uuguzi vilivyoandikwa, kisha mwambie: "Baba, naomba unipe wiki tano. Jaribio likitoka tutakaa tena." Wazazi wengi wanaogopa ombi lisilo na mwisho, lakini ombi lenye tarehe hulifikiria. Na omba kitu kimoja cha kushikika, kwa mfano saa moja kila jioni ambayo hutaitwa kuchota maji wala kuosha vyombo, hata kama ni saa nne usiku kwa taa ya sola.

Jaribio likitoka, chukua karatasi zote mbili, ile ya Jumamosi hii na ya jaribio, uende nazo kwa mwalimu wa taaluma kabla hajafunga orodha. Ikiwa umepata 30 au zaidi, hana hoja ya kukuondoa. Ikiwa umepata 26 ilhali ulianza na 15, mwonyeshe 15. Mwalimu wa taaluma huishi na namba, na namba inayopanda humfanya asite na kalamu yake. Ukiondolewa pamoja na yote hayo, kuna njia ya kufanya somo hilo baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini ni njia ya gharama, na vitendo vya maabara utavitafuta kwa shida, ndiyo maana sitaki uiwaze sasa.

Niandikie baada ya Jumamosi. Sihitaji alama uliyopata, nataka idadi ya L, ya H na ya S. Na niambie unakaa dawati la ngapi kutoka mbele, na kama macho yako yamewahi kupimwa.